Nani alikata vidato hivi?

Ndugu msomaji, nilikuwa kimya kwa wiki kadhaa. Ya kuandika yapo tele, ila kuna swali niliulizwa na mtoto nikashindwa kulijibu, na tangu siku hiyo limekuwa likinizunguka kichwani. Leo nimeamua kukaa chini nilijibu. Jibu ni refu kidogo, kwa hiyo kama una chai hapo pembeni, vuta kiti.

Swali lenyewe niliulizwa Kibamba, nyumbani kwa dada yangu. Kwa wasiopajua, Kibamba ni kule mwisho wa jiji ukitoka na Barabara ya Morogoro: unapita Ubungo, unapita Kimara, unapita Mbezi, na ukizidi kidogo umeshaingia Kibaha, Mkoa wa Pwani. Nilipozaliwa mimi kulikuwa Wilaya ya Kinondoni, siku hizi ni Ubungo. Zamani mtu akisema amejenga Kibamba, wenzake walimwambia amehama Dar. Sasa viwanja vimekwisha, na alfajiri barabara inajaa watoto wa shule wa kila rangi ya sare, wanakimbizana na bodaboda.

Dada ana watoto wawili waliofuatana. Wa kiume alianza darasa la kwanza mwaka 2021, wa kike akaanza mwaka 2022. Mpaka hapo hakuna ajabu. Ajabu ilianza Januari 2024, mitaala mipya ilipoingia shuleni. Iliingia kwanza kwenye elimu ya awali, darasa la kwanza na darasa la tatu, pamoja na kidato cha kwanza katika mkondo wa amali. Mwaka huo wa kike alikuwa darasa la tatu, kaka yake darasa la nne. Yaani mpaka kati ya mfumo wa zamani na mfumo mpya umepita katikati ya chumba chao cha kulala.

Chini ya mfumo mpya shule ya msingi ni miaka sita. Chini ya ule wa zamani ni saba. Piga hesabu: mwaka 2027 mdogo atamaliza darasa la sita na kaka yake atamaliza darasa la saba, na kwa mpango uliotangazwa, Januari 2028 wote wawili wanaingia kidato cha kwanza siku moja. Siyo wao tu, ni madarasa mawili ya nchi nzima.

Basi tumekaa barazani Jumapili, mimi, dada, mama yetu, na babu aliyemzaa mama, ambaye siku hizi anakaa hapo kwa ajili ya kliniki. Yule wa kiume akaniuliza: "Mjomba, nani aliamua shule ya msingi iwe miaka saba? Na kama ni saba, huyu anamalizaje kwa sita?"

Nikajibu kama mwandishi wa habari. Nikasema, hiyo ni sera.

Akaniuliza: "Sera ni nani?"

Watu wakacheka, nami nikacheka nao, lakini nilikuwa nimebanwa. Kwa sababu ukiangalia ile baraza ilivyokaa siku ile, kila kizazi kilikuwa kimekatwa mahali pake. Babu aliishia darasa la nne. Mama aliishia darasa la saba. Mimi nilifika kidato cha sita. Watoto wale wanapunguziwa mwaka mmoja. Nani anayekata? Na anakata kwa kuangalia nini?

Tuanze na maneno, maana maneno yana siri zake. Sisi watu wa Pwani tunajua kidato ni nini kabla hata ya kwenda shule. Ni ule mkato unaochongwa kwenye shina la mnazi ili mkwezi apate mahali pa kuweka mguu. Anayechonga anapima kwa hatua ya mtu. Akiviweka mbali mno, mkwezi anaanguka. Walimu wa zamani waliochukua neno hilo wakalipa kazi ya shule walijua wanachokifanya.

Waingereza wenyewe neno lao ni jingine. Kile tunachokiita kidato wao wanaita "form", na inaelezwa kwamba asili yake ni lile benchi refu ambalo wanafunzi wa zamani walikalia pamoja. Darasa wao waliita "standard", na hilo lina historia inayojulikana. Mwaka 1862 serikali ya Uingereza ilitoa kanuni mpya ya kuzipa fedha shule za watoto wa maskini. Mkaguzi alifika shuleni, akawapima watoto kusoma, kuandika na kuhesabu kwa viwango sita, cha kwanza hadi cha sita, na shule ikalipwa kulingana na waliofaulu. Viwango hivyo ndivyo "standard". Kwa hiyo darasa la kwanza, la pili, la tatu, kwa namna tulivyokuja kurithi, vilizaliwa kwenye daftari la mhasibu. Ukiweka maneno mawili pembeni kwa pembeni, sisi tunasema mkato wa kupandia, wao wanasema benchi la kukalia. Naomba ulikumbuke hilo benchi, tutalirudia.

Je, kabla ya hapo watoto wetu hawakuwa na hatua za kufundishwa? Walikuwa nazo. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, mtoto alianza na alifu, bee, tee, akaunganisha herufi, akaingia Juzuu Amma, akaendelea hadi kuhitimu msahafu mzima. Hakukuwa na mwaka wa kumaliza. Mwepesi alitangulia, mzito alichelewa, na wakubwa kwa wadogo walikaa mkeka mmoja. Na huku Uzaramoni, kwa akina babu, mvulana alipitia jando na msichana akawekwa ndani akawa mwali, akafundwa, akatolewa kwa ngoma. Hatua hizo zilifuata mwili na umri wa mtoto. Sisemi kila kilichofundishwa kule kilikuwa chema. Ninachosema ni kwamba hapakuwa na mtoto aliyeambiwa nafasi za kuwa mtu mzima zimejaa, rudi nyumbani.

Wajerumani ndio walioleta ngazi yenye mlango katikati. Shule yao ya serikali pale Tanga ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1890, na baadaye wakapanga shule kwa madaraja: za vijijini za kujifunza kusoma na kuandika, juu yake shule kubwa chache za mijini, na Tanga kileleni. Lugha ilikuwa Kiswahili. Shabaha ilikuwa kupata makarani, maakida, wakalimani na mafundi. Serikali ilijua inahitaji watu wa aina gani, na ngazi ikachongwa kwa mahitaji hayo. Mtoto hakuulizwa.

Waingereza walipochukua nchi baada ya Vita ya Kwanza wakaendelea, ila wao walichonga ngazi tatu: moja ya Wazungu, moja ya Waasia, moja ya Waafrika. Hii ya kwetu ilianza na shule ya kijiji, darasa la kwanza hadi la nne. Baadaye, hasa miaka ya 1950, ikafuata shule ya kati, darasa la tano hadi la nane, yenye mkazo wa kilimo. Juu yake sekondari chache, na juu kabisa Makerere, ng'ambo ya ziwa. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliipanda ngazi hiyo: alianza Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka kama 12, mwaka 1937 akaingia Tabora, akaenda Makerere, akaenda Edinburgh. Tunapenda kusimulia habari yake. Hatupendi kusimulia habari ya wale walioanza naye Mwisenge.

Habari yao naifahamu kupitia babu. Babu alisoma miaka ya 1950 katika kijiji kimoja cha Kisarawe. Baada ya darasa la nne ulikuwepo mtihani. Anasema walikuwa zaidi ya thelathini chini ya mwembe ule, waliokwenda shule ya kati ni wanne. Yeye hakuwamo. Alirudi kulima mihogo, baadaye akapata kibarua bandarini, akazeeka. Ana mkono mzuri wa kuandika kuliko wangu. Anasoma gazeti mpaka matangazo ya vifo. Lakini tangu nikiwa mdogo, kila kinapotokea kitu cha kutafakari, fomu ya benki au barua ya serikali ya mtaa, babu anasema, "Mpe huyu, mimi darasa la nne nilifeli." Miaka sabini karibu, neno ni hilo hilo: nilifeli.

Uhuru ulikuja Desemba 1961, na kuanzia mwaka 1962 ngazi tatu za rangi zikaunganishwa kuwa moja. Hilo ni jambo kubwa, na vijana wa leo tunalisahau. Katika miaka hiyo ya 1960 darasa la nane likafutwa, shule ya kijiji na shule ya kati zikaunganishwa, na shule ya msingi ikawa miaka saba. Hiyo ndiyo saba aliyoniulizia mpwa wangu. Hakuna daktari aliyepima ubongo wa mtoto akagundua kwamba unaiva katika mwaka wa saba. Nchi changa ilikuwa na fedha kidogo na watoto wengi. Ukipunguza mwaka mmoja juu, unapata mwalimu na chumba cha kuwapandisha wale waliokuwa wakiachwa darasa la nne. Kwa maoni yangu lilikuwa jambo la haki. Lakini sababu yake ilikuwa viti.

Machi 1967 Nyerere akatoa Elimu ya Kujitegemea. Wengi tunaikumbuka kwa majembe na bustani za shule. Mimi nilipoisoma upya nilishtushwa na hesabu zake. Mwaka 1961 watoto wa shule ya msingi walikuwa 490,000, wengi wao wakiishia darasa la nne. Mwaka 1967 walikuwa 825,000. Sekondari walitoka 11,832 hadi 25,000. Kidato cha sita kilikuwa na wanafunzi 176 mwaka wa uhuru, na 830 miaka sita baadaye. Kisha anasema wazi kwamba katika watoto wa shule ya msingi, ni asilimia 13 tu watakaopata nafasi ya sekondari.

Asilimia kumi na tatu! Rais wa nchi anawaambia wazazi mapema kwamba katika watoto mia moja, themanini na saba hawataendelea, hata wakijitahidi vipi. Hakusema kwamba hao ni wajinga. Alisema kinyume chake: kwamba kwa sababu hiyo elimu ya msingi lazima iwe imekamilika yenyewe, imwandae mtoto kuishi, isiwe sebule tu ya kusubiria sekondari. Akapendekeza pia umri wa kuanza shule usogezwe mbele ili anayemaliza awe amekomaa.

Fikra ilikuwa nzuri. Ilichogonga ni kichwa cha mzazi. Mzazi hakumpeleka mtoto shule ili akamilike, alimpeleka achaguliwe. Na neno lenyewe likakaa hivyo katika lugha yetu. Mtaani hatukuuliza "umejifunza nini?", tuliuliza "umechaguliwa?"

Twende kwa mama. Novemba 1974 TANU ilikutana Musoma ikaazimia kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto aliyefikia umri awe darasani. Ndiyo ile tunayoijua kwa jina la UPE. Mama alianza darasa la kwanza mwaka huo huo wa 1977. Anasimulia darasa lililofurika, wengine wanakaa sakafuni, na mwalimu aliyekuwa yeye mwenyewe amemaliza darasa la saba juzi tu akapewa mafunzo ya haraka. Watu wanawabeza walimu wa UPE. Mama hawabezi. Anasema yule dada ndiye aliyemfundisha kusoma, na bila yeye angekuwa anasaini kwa dole gumba hadi leo. Mwaka 1978 ikaja Sheria ya Elimu, ikafanya uandikishaji wa watoto wa kuanzia miaka saba kuwa lazima.

Mlango wa darasa la nne ukafunguliwa, sawa. Lakini nyuma yake sekondari hazikuongezeka kwa kasi hiyo. Umati wote ule ukasukumwa hadi mlango uliofuata, na mlango huo ulikuwa mwembamba kuliko zamani. Mama alimaliza mwaka 1983. Sikilizeni anavyosema mpaka leo: "Mimi nilifaulu, ila sikuchaguliwa." Watu wa rika lake wengi wanasema hivyo hivyo. Ukitazama vizuri, ni sentensi yenye kilio ndani yake. Maana yake: niliweza, kiti ndicho hakikuwepo. Tofauti ya mama na babu ni hiyo. Mama alijua. Babu hakujua.

Mimi nilipata bahati ya zamu yangu. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2001, mwaka 2002 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, na madarasa yakajengwa. Nilianza darasa la kwanza mwaka 2004 katika chumba ambacho rangi yake ilikuwa bado inanuka. Kuanzia mwaka 2006 zikaja shule za kata, zile ambazo waswahili walizipa jina la yeboyebo, na walimu wake wa mafunzo ya haraka wakaitwa vodafasta. Tulicheka sana. Lakini bila yeboyebo mimi ningeishia alipoishia mama. Niliingia kidato cha kwanza mwaka 2011.

Ndipo nikakutana na kidato kilichochongwa mbali na mguu. Miaka saba nimesoma sayansi, historia na hesabu kwa Kiswahili. Januari moja nikaingia darasani, baada ya kozi ya Kiingereza ya wiki chache, kila kitu ni Kiingereza, isipokuwa somo la Kiswahili lenyewe. Mwalimu akiuliza swali, darasa zima linaangalia madaftari. Hatukuwa bubu, tulikuwa na majibu, yalikwama kooni. Tume ya Makweta ilikwishaliona hilo. Ripoti yake ya mwaka 1982 ilipendekeza sekondari nayo ianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia mwaka 1985, na serikali haikukubali. Kwa hiyo tunapobishana iwe miaka sita au saba, tukumbuke kwamba hatua ndefu kuliko zote katika ngazi yetu haionekani kwenye hesabu ya miaka. Iko kati ya Desemba na Januari.

Na vipimo navyo vilihamishwa tukiwa katikati ya mnazi. Mtihani wangu wa kidato cha nne ulikuwa mwaka 2014. Matokeo yetu hayakutoka kwa divisheni kama ya kaka zetu, yalitoka kwa GPA, na muda si mrefu divisheni zikarudishwa. Hadi leo nikiomba kazi kuna watu wananiuliza kile cheti kinasomwaje.

Sasa tufike kwenye sera ambayo mpwa wangu aliiulizia jina. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ilikuwa na hesabu ya 2-7-4-2-3: miaka miwili ya awali, saba ya msingi, minne na miwili ya sekondari, mitatu au zaidi ya chuo kikuu. Sera ya mwaka 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, ikasema msingi iwe miaka sita. Mwezi Januari 2016 elimu bila ada ikafika hadi kidato cha nne. Lakini ile sita ikabaki kwenye karatasi, shule zikaendelea na darasa la saba kana kwamba hakuna kilichosemwa. Ndipo likaja toleo la mwaka 2023 la sera hiyo hiyo: elimu ya lazima iwe miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari, na sekondari iwe na mikondo miwili, wa jumla na wa amali.

Naomba nieleweke, silipingi hili. Nalisoma kwa macho ya babu na mama. Kwa mara ya kwanza sheria ya mchezo inasema mlango wa darasa la saba si mlango tena. Mtoto wa Kibamba hatasimama pale akisubiri kuchaguliwa. Anapita, kama tulivyopita darasa la nne kwenda la tano. Kama likitimia, sentensi ya mama itakufa. Mimi nitafurahi kuizika.

Wasiwasi wangu ni ule wa mwaka 1977. Ukifungua mlango mmoja, hesabu viti vya chumba kinachofuata. Majirani zetu Wakenya wana la kutufundisha. Walikuwa na 7-4-2-3 kama sisi, mwaka 1985 wakahamia 8-4-4. Darasa la saba la mwaka 1984 likabaki shuleni kusoma la nane, na mwaka 1985 kidato cha kwanza kikakosa watoto wapya. Mwaka 1989 ukawa wa mwisho kwa mtihani wa kidato cha sita na wa kwanza kwa mtihani wa kidato cha nne wa mfumo mpya, mifumo miwili ikagonga mlango wa vyuo vikuu kwa pamoja. Kisha wakabadilisha tena: mtihani wa mwisho wa darasa la nane ulifanyika mwaka 2023, na Januari mwaka huo huo watoto wa kwanza wa gredi ya saba walikuwa wameshaanza sekondari ya chini. Wapi? Baada ya mjadala mrefu, ndani ya majengo ya shule za msingi. Mfumo ulibadilika kwa miaka, majengo yakabaki yale yale.

Hata Ujerumani, waliotuletea ile ngazi ya Tanga, katika majimbo mengi hadi leo mtoto anagawiwa aina ya sekondari baada ya darasa la nne, akiwa na miaka kumi hivi. Huko nako wazazi na wataalamu wanabishana: je, mtoto wa miaka kumi ameshajulikana? Kwa hiyo ugonjwa si wetu peke yetu.

Dada yangu anauza chapati na maharage asubuhi karibu na kituo. Ada hakuna, lakini sare zipo, viatu vipo, madaftari yapo, na mchango wa chakula upo. Januari 2028 atanunua vyote mara mbili kwa siku moja. Ameshaanza kuweka fedha kwenye kibubu. Serikali imekuwa ikieleza maandalizi ya madarasa, na mimi kama mwandishi nitakwenda kuyahesabu kwa macho yangu, hapa hapa kwenye kata zetu za pembeni ambako watu wanaongezeka kila kukicha. Nitahesabu madawati, walimu, na vyoo vya wasichana. Nawaomba na ninyi mfanye hivyo mlipo, mniandikie.

Lakini kuna jambo la pili ambalo halihitaji saruji. Watoto waambiwe. Yule wa kiume anaamini kwamba mdogo wake amerushwa mwaka kwa sababu ana akili zaidi. Wa kike naye ameshaanza kumtania hivyo. Nikawaza, haya ndiyo yale yale ya babu yanaanza upya.

Kwa hiyo Jumapili iliyofuata nilirudi Kibamba. Nikamwita mpwa wangu nikamwambia: miaka saba iliwekwa na watu waliokuwa na viti vichache, wakajibana ili wengi zaidi wakae. Sita imewekwa na watu wanaotaka wote mfike kidato cha nne. Haihusiani na akili yako wala ya mdogo wako. Wewe ulianza mwaka mmoja kabla ya mpaka, basi. Akaniangalia, akauliza kama viti vya kidato cha kwanza vitatosha. Nikamwambia sijui, nitakwenda kuhesabu.

Babu alikuwa anasikiliza, gazeti limefunika magoti. Nikaona nimwambie na yeye. Nikamweleza za shule za kijiji na shule za kati, nikamsomea zile namba za Nyerere, kwamba hata baada ya uhuru, wakati mambo yameshapanuliwa, nafasi za mbele zilikuwa ni kumi na tatu kwa mia, na enzi zake yeye mlango ulikuwa pale pale darasa la nne. Nikasema, "Babu, wewe hukufeli. Viti viliisha."

Alikaa kimya muda mrefu. Nikadhani amesinzia. Kisha akakunja gazeti lake, akasema: "Sasa mbona hawakutuambia?"

Sikuwa na jibu. Mwenye nalo aniletee, nitampelekea mzee.

Haya, naomba kuwakilisha.